Je, Unga wa Kome Hufika Mifupani?

Mafuriko yalipopungua, nyanya yangu aliteleza kwenye tope akavunjika kifundo cha mkono. Aliambiwa mifupa yake imepungukiwa na kalsiamu. Basi jirani aliyetoka Mombasa akamletea kopo la dawa ya Kihindi, zile za Ayurveda. Ndani mna unga wa kome, wale konokono wakubwa wa baharini, ambao magamba yao huchomwa hata yakawa laini kama majivu. Nyanya alikuwa akilamba kijiko kila jioni. Mimi nikajiuliza: unafika mifupani kweli, ama unapita tu?

Mwalimu wetu wa kemia aliniruhusu kujaribu. Nilitia unga kidogo katika siki, na kando nikatia ganda la yai lililotwangwa. Vyote vilitoa mapovu, na hewa yake ikageuza maji ya chokaa kuwa meupe. Kumbe ni kabonati ya kalsiamu, sawa na ganda la yai! Baada ya nusu saa unga ulikuwa umeyeyuka karibu wote, yakabaki mashapo ya kijivu.

Nilifurahi mapema mno. Kuyeyuka si kufyonzwa. Kalsiamu sharti ivuke ukuta wa utumbo iingie damuni, na kwa kazi hiyo mwili huhitaji vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. (Jua la Garsen, nani analalamika ni haba?) Chakula nacho huweza kuizuia: oksalati iliyo katika mchicha huishika ikatoka nayo chooni. Kalsiamu ya maziwa, kama yale wanayouza akina mama wa Kiorma, hufyonzwa takriban theluthi moja. Kabonati ikimezwa pamoja na chakula haiko mbali na hapo.

Wataalamu hawapimi kwa siki. Kuna atomu za kalsiamu zilizo nzito kidogo kuliko zile za kawaida, kama kalsiamu 42 na 44. Mtu hunywa aina moja pamoja na chakula, ile nyingine hudungwa mshipani. Kisha mkojo wake wa saa 24 hukusanywa na aina hizo mbili hulinganishwa. Ya sindano iliingia damuni yote, kwa hivyo inaonyesha ya mdomoni ilivuka kiasi gani.

Lakini yale mashapo yalinisumbua. Mwaka wa 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi ndiyo mbaya hapa, kwa sababu mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu, ikajificha mifupani miaka mingi. Siki haiwezi kuionyesha.

Nilipomweleza nyanya, alicheka. "Mjukuu wangu, hata mto Tana una mashapo na tunaunywa." Nikakosa la kusema. Mwishowe tulikubaliana kopo lifungwe, alipeleke kliniki Jumatatu waliangalie. Jioni sasa anakunywa kikombe cha maziwa, huku analitupia kopo jicho.