Hofu na Majibu: Utangulizi wa Ushauri Nasaha na Upimaji wa VVU

Kondomu imepasuka saa sita usiku, au haikuwepo kabisa. Kufikia alfajiri mtu ameshajihukumu, na kabla kituo cha afya hakijafunguliwa amesimama getini, ana hakika amekanyaga miwaya, yaani ameambukizwa, anataka apimwe sasa hivi.

Mtu huyo ndiye kiini cha taaluma ninayokukaribisha uisome. Wanaokuja kwetu kutoka udaktari hudhani watasoma virusi na vipimo. Wanaotoka saikolojia hudhani watasoma wasiwasi. Utasoma vyote viwili, na hasa pale vinapogongana, kwa sababu damu ina ratiba yake na hofu ina yake.

Ijue kwanza ratiba ya damu. Kipimo cha haraka cha vituoni hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuvamiwa, na kwa kawaida huanza kuzibaini kati ya siku 23 na 90 tangu maambukizi. Majibu ya asubuhi ile, hata yakiwa hasi, hayasemi lolote kuhusu jana usiku. Hata hivyo mteja apimwe, kwa sababu ni lazima ijulikane kama tayari alikuwa na VVU kabla hajaanzishiwa dawa kinga, ile PEP. Dawa hiyo huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Nakuomba ulishike hili kuliko yote: kinachokimbiliwa asubuhi ile ni dawa, majibu kuhusu jana usiku yatasubiri. Inaniuma kuona watu wanazimaliza saa hizo 72 wamejifungia chumbani, wanatafuta dalili kwenye simu.

Dalili zenyewe hazitusaidii sana. Homa, maumivu ya koo na vipele vinaweza kujitokeza wiki 2 hadi 4 baada ya maambukizi, lakini malaria na mafua nayo huleta homa, na wasiwasi peke yake huweza kumkosesha mtu usingizi, kumharisha na kumkondesha.

Sasa tuingie kwenye hofu, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Ninavyoamini mimi, hofu hii haiendi na hatari. Inakwenda na aibu. Kwa tendo moja la ukeni na mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, makadirio mengi ya watafiti ni chini ya maambukizi 1 kwa kila matendo 100. Uwezekano huo hupanda kukiwa na vidonda au magonjwa mengine ya zinaa, na njia ya haja kubwa ni hatari zaidi. Anayemeza ARV mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER, uliotoa matokeo yake 2016, ulifuatilia wenza ambao mmoja ana VVU vilivyofubazwa kwa dawa na mwingine hana. Walijamiiana bila kondomu takriban mara 58,000, na hakuna aliyeambukizwa na mwenza wake.

Linganisha hayo na tunaowapokea. Kijana aliyelala mara moja na mhudumu wa baa anatetemeka. Mume mwenye michepuko ya miaka analala fofofo, kwa kuwa mkewe alipimwa kliniki ya wajawazito akakutwa hana, naye akayachukua majibu yale kuwa yake. Hili la kupima kwa damu ya mke limeandikwa na watafiti wengi wa Afrika Mashariki, wakati wenza wenye majibu tofauti si jambo geni vituoni. Na yupo mwanaume aliyelala na mwanaume mwenzake, ambaye kibaiolojia yumo kwenye hatari kubwa zaidi, na ndiye anayeogopa kuvuka mlango wa kituo kuliko wote. Ukimtisha kidogo tu, hutamwona tena.

Aibu hiyo ina historia. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kwa takriban miaka ishirini iliyofuata, kwa watu walio wengi, kupima kulikuwa kusomewa hukumu. AIDS Information Centre ilifunguliwa Kampala mwaka 1990 ili watu wapime kwa hiari. Vituo vya ANGAZA vikaja Tanzania 2001, ARV za bure zikaanza 2004, na 2007 Rais Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani. Leo anayegundulika mapema na kumeza dawa vizuri anaweza kuishi karibu umri uleule wa wenzake. Bado wateja wetu wengi wanaliogopa lile gonjwa la mabango ya mafuvu ya miaka ile.

Keti siku moja na mshauri mzoefu utazame mikono yake. Anachoma kidole, anadondosha damu kwenye kitepe, anaongeza matone ya kimiminika, kisha zinaanza dakika 10 hadi 20 ambazo mteja hazisahau. Mstari wa kwanza unapojitokeza mteja hushtuka, kumbe huo unathibitisha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Mshauri mzuri ameshamweleza kabla, na katika dakika zile hakai kimya wala hahubiri. Anamuuliza: majibu yakiwa mabaya, unaogopa nani ajue? Mengi hufunguka hapo.

Kuna pia mteja ambaye siku 90 zimepita, hakuwa na tukio jingine, amepima akawa hasi, akaenda kituo kingine, kisha kingine. Msimamo wangu ni kwamba kipimo cha nne kinailisha hofu yake. Huyo aongozwe kwa mtaalamu wa afya ya akili, kwa upole, bila kuambiwa anasumbua.

Mwaka 2019 sheria ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Ni hatua ninayoiunga mkono, ilimradi kitepe kikionyesha mistari miwili mtu aende kituoni kuthibitisha. Lakini dakika zile za kusubiri majibu sasa zinapita chumbani, mtu akiwa peke yake, hakuna wa kumuuliza swali lile. Namna ya kumfikia huko alipo ndilo eneo changa kuliko yote katika taaluma hii, na ndilo ninalotamani ulianze.