KUPANDA MIKINDU KWA MBEGU

Mkindu ni mti ujulikanao na watu wengi wa Afrika ya Mashariki. Huota wenyewe kando ya mito na penye vinamasi, nao hutoa mashina mengi mahali pamoja. Majani yake machanga ndiyo ukindu, ambao wanawake huuanika, huutia rangi, husuka ukili, kisha hushona mikeka. Walakini ni wachache waliofikiri kuupanda uani kwao. Katika nchi ya Marekani, huko Florida, watu wameuleta kutoka Afrika na kuupanda mbele ya nyumba zao kuwa pambo. Nasi tulio nao, kazi yetu ni kuukata tu.

Kukata bila kupanda kuna mwisho wake. Kando ya Mto Tana, katika Kenya, wako kima wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na matunda ya mkindu ni chakula chao kikubwa. Watu nao huutaka mti huo huo kwa majani, kwa miti ya kujengea na kwa kugema tembo. Shina la mkindu lina shaha moja tu juu yake; shaha ikikatwa au ikiharibika, shina lile hufa wala halichipui tena juu. Basi mahali ambapo watu ni wengi, na miche haiachwi ikue, wasukaji watatafuta ukindu mbali zaidi kila mwaka. Kwa hiyo twapenda kueleza jinsi ya kuupanda kwa mbegu, maana mtu aliye na mikindu yake mwenyewe ana pambo na mali pamoja.

Kwanza, mbegu iwe mpya. Watu wengi hushindwa hapa. Mbegu iliyokaa ndani miezi mingi huenda isiote vizuri, ijapokuwa kwa nje yaonekana nzima. Chuma matunda yaliyoiva, yaliyogeuka rangi ya machungwa, kutoka mti wenye afya. Fahamu kwamba mikindu iko ya kiume na ya kike, kila mmoja mbali, na wa kike peke yake ndio uzaao. Tena mkindu na mtende ni wa ukoo mmoja. Mahali penye mitende karibu, huenda mbegu ikawa ya machotara.

Pili, loweka matunda siku mbili, kisha yasugue kwa mchanga mpaka nyama yote itoke, kwa kuwa utamu wake huita sisimizi na kuleta ukungu. Utaona kokwa iliyo kama ya tende, ila ni ndogo. Zitie kokwa katika maji safi: zinazoelea zitupwe, zinazozama zipandwe upesi.

Tatu, tafuta kopo au debe lenye kina, ulitoboe chini ili maji yasituame. Lijaze udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza sana. Fukia kila mbegu kadiri ya inchi moja, uliweke kopo mahali penye joto na kivuli chepesi, ukinyunyiza maji udongo usikauke. Kina chatakiwa kwa sababu mbegu hii haioti kama hindi. Kwanza hutoa uzi mweupe ushukao chini, na mche hutoka katika uzi ule, si katika mbegu yenyewe. Anayefukua ili atazame kama mbegu imeota huukata uzi huo, na mche umekwisha.

Nne, subiri. Mwezi wa kwanza waweza kupita bila dalili yo yote, na wa pili pia, na pengine hata wa tatu. Tena jani la kwanza halifanani na kuti hata kidogo. Ni jembamba, zima, kama jani la nyasi. Miche mingi imeng'olewa na watoto waliotumwa kupalilia, nao wakidhani kwamba wanafanya kazi njema. Walimu wanaopanda miche shuleni na wawaonyeshe watoto jani hilo kabla ya kuwapa kazi.

Miche ikiwa na majani kadhaa yenye nguvu, ihamishe mwanzo wa mvua pamoja na udongo wake, mizizi isiguswe. Iweke mbali na mlango na njia, futi kumi au zaidi, kwa sababu chini ya kila kuti pana miiba mirefu mikali, na kichaka huzidi kupanuka kwa machipukizi. Zungushia miiba au fito mbuzi wasiile. Kiangazi cha mwaka wa kwanza usiache kuinywesha. Ukiona kichaka kimesongamana, punguza machipukizi, uache mashina machache yaliyonyoka. Ndivyo mti upatavyo umbo la kupendeza. Panda mitano au sita, kwa maana huwezi kujua upi mume na upi mke mpaka itoe maua, na bila ya wote wawili hutapata mbegu njema za kuwagawia jirani.

Wakati wa kukata ukindu, usikate makuti machanga yote ya shina moja, wala usiguse shaha. Chukua kidogo hapa na kidogo pale, mti upate kupumua.

Mtu atasema kwamba kazi hii ina miaka mingi. Ni kweli. Lakini miaka hiyo itapita vile vile, tukipanda au tusipopanda. Na binti anayejifunza kusuka leo atahitaji ukindu atakapokuwa mama wa watu. Wazee wa kijiji wakianza penye baraza yao, na walimu shuleni, wengine watafuata kwa kuona. Subira huvuta heri.