Busu kwa Sufuria ya Supu

Msomaji kijana akimaliza riwaya ya distopia, hadithi ya nchi ambayo watawala wameshika kila kitu, huenda akasahau jina la rais, lakini hasahau nani alimpenda nani. Wapo wanaosema mapenzi hayo ni chambo cha wauza vitabu. Mimi nasema ndiyo njia ya kijana kuielewa siasa.

Chukua The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008. Katniss na Peeta wametupwa uwanjani wauane na wenzao mbele ya kamera. Peeta ana jeraha, wamejibanza pangoni, njaa inawauma. Katniss anambusu, na muda si mrefu sufuria ya supu inashuka kwa parachuti: zawadi ya wafadhili walionogewa na penzi. Binti anaelewa papo hapo kwamba busu lina bei. Tangu hapo hata yeye hajui lipi ni penzi na lipi ni maigizo ya kuokoa roho. Bila hotuba yoyote, kijana ameshaona jinsi udikteta unavyoingia mpaka moyoni.

Waandishi wengine walikwenda mbali zaidi. Katika Matched ya Ally Condie (2010), viongozi ndio wanaokuchagulia mchumba. Katika Delirium ya Lauren Oliver (2011), mapenzi ni ugonjwa, na ukifikisha miaka 18 unatibiwa. George Orwell, akiandikia watu wazima mwaka 1949, aliwafanya wapenzi wake wawili, Winston na Julia, wasalitiane. Waandishi wa vijana huliachia penzi pumzi, maana msomaji wao ndiyo kwanza anaanza kujichagulia.

Kwa msomaji wa Ngara, mpakani mwa Tanzania, hayo hayako mbali. Kihangaza, lugha ya huko, kinasikilizana na Kinyarwanda na Kirundi, ila anayempenda mtu wa ng'ambo ya daraja la Rusumo, upande wa Rwanda, lazima apite kwa maofisa uhamiaji. Tena Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo.

Kwa hiyo, mwalimu, usiziruke kurasa za mapenzi kwa aibu. Waulize wanafunzi: hawa wakipendana, nani anafaidika, na nani anaogopa?