Gari lina farasi 100, mbona mlimani linachoka?

Ukinunua pikapu ya kubebea ndizi na viazi Nkunga, wilayani Rungwe, usiishie kwenye namba ya farasi uliyotajiwa. Kiwandani hupimwa injini. Kinachopandisha mzigo ni nguvu inayofika kwenye matairi.

Njiani gia boksi, propela na difu hula sehemu yake kwa msuguano. Mafundi wengi hukadiria hasara ya asilimia 15, na 20 au zaidi kwa gari linalovuta matairi yote manne.

Je, unaipataje nguvu ya injini? Mashine iliyoko Dar es Salaam ikisoma farasi 85 kwenye matairi, gawanya kwa 0.85, unapata 100. Wengi hukosea kwa kuongeza asilimia 15 juu ya 85, wanapata kama 98.

Kisha kuna mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 kila mita 1,000, maana hewa huko juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,500, farasi 100 hubaki kama 85, na matairini hufika 72 hivi.

Ukipata hiyo, injini ni nzima. Usikubali ifunguliwe bure. Ikiwa chini sana ya hapo, muone fundi.