Kalenda ya mwaka jana ni mkufu, usiitupe

Kalenda ya mwaka uliopita bado inaning'inia ukutani kwenu? Iteremshe. Karatasi yake ni nzito kidogo, inang'aa na ina rangi kali. Ukiwa na mkasi, rula, gundi nyeupe na vijiti vya kuchokolea meno, una mkufu mkononi. Karatasi za kufungia zawadi pia ni poa. Gazeti achana nalo, wino wake hupaka vidole na shanga hutoka za kijivu (wahariri wetu watanisamehe).

Chora pembetatu ndefu nyembamba, kitako sentimita 2, urefu wa karatasi ya A4. Zipange moja ikitazama juu, nyingine chini, na karatasi moja itakupa karibu 20, zinazotosha mkufu mzima. Anza kuviringisha kutoka kitako, kijiti kikiwa ndani, rangi ikiwa nje, na ukaze kwelikweli. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukilegeza, ushanga unafumuka kama sambusa iliyofungwa vibaya. Ncha ikihama katikati, unatoka kombo. Paka gundi mwishoni, bonyeza, chomoa kijiti.

Kisha vanishi. Paka nyembamba mara tatu, kila mara ukingoja ikauke, badala ya mara moja nene. Chovya ushanga mmoja majini dakika tano. Ukilainika, rudia, maana jasho la matatu iliyojaa saa kumi na moja jioni halitaihurumia kazi yako.

Shanga za mbao si lazima ununue mpya. Unazijua zile ambazo madereva wa teksi hutandika kwenye kiti? Uzi ukikatika, wengi huzitupa. Ziombe, uzioshe, uzianike kivulini, kisha uzisugue kwa mafuta kidogo. Karatasi pekee ni nyepesi mno, mkufu unapepea shingoni. Mbao ndizo zinazoupa uzito ukatulia kifuani.

Hii kazi si ya kupitisha wakati tu. Jirani zetu Uganda wanaijua vizuri. Kule Acholi Quarter, Kampala, wanawake wengi waliokimbia vita vya kaskazini walikuwa wakiponda mawe kwenye timbo ili wale, na shanga za karatasi zikawapa njia nyingine. Mwaka wa 2004 shirika la BeadforLife lilianza kuwauzia wanawake wa Kampala shanga zao ng'ambo.

Sasa bei, na hapa ndipo vijana wetu huumia. Unahesabu uzi na vanishi, unaona ni bob 60, unauza 150 na kujiona mjanja. Je, zile saa tatu za kuviringisha nani amekulipa? Tuseme saa yako ni bob 100. Hapo mkufu umeshafika 360 kabla ya nauli ya kwenda sokoni, kwa hivyo mteja wa Maasai Market akikuambia "nipe kwa mia mbili," anakuomba umlipie avae. Mwambie hapana kwa upole, umwonyeshe hereni.

Tena hereni ndizo za kuanza nazo. Shanga nne, kulabu mbili, jioni moja. Zikiharibika, kalenda bado ina miezi kumi na moja.