Vumbi Juu ya Paneli za Sola

Ukipita Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, mnamo mwezi wa Agosti, utaona kwamba majani ya miembe yamebadilika rangi. Yamefunikwa na vumbi. Kiangazi cha sehemu hii huanza mwezi wa Juni hata Septemba, na katika muda huo mvua hainyeshi, au hunyesha kidogo sana. Magari hutimua vumbi barabarani, na moshi wa nyasi zinazochomwa vilimani huchukuliwa na upepo. Vumbi hilo hutua pia juu ya mabati ya nyumba, na juu ya paneli za sola zilizofungwa juu ya mabati hayo.

Paneli ya sola hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Jua la saa 6 mchana, mbingu ikiwa haina mawingu, huleta wati zipatazo 1,000 katika kila mita moja ya mraba; paneli nzuri hugeuza kadiri ya sehemu moja kwa tano tu. Angalia kwamba kinachofanya kazi ni mwanga, wala si joto. Chembe za vumbi huzuia mwanga huo: nyingine huufyonza, nyingine huurudisha angani. Mwanga usiofika kwenye seli hauwezi kuwa umeme.

Tuseme mvuvi wa dagaa ana paneli ya wati 50, nayo inapata jua kali kwa saa 5. Itatoa 50 × 5, yaani wati-saa 250. Taa zake za kuvutia dagaa hutumia wati 25. Basi, tukiacha kiasi kinachopotea katika betri na nyaya, zitawaka kwa saa 10. Akiziwasha saa 1 usiku zitafika saa 11 alfajiri. Sasa vumbi likizuia sehemu moja kwa tano ya mwanga, zitapatikana wati-saa 200 tu. Taa zitazimika saa 9 usiku, mtumbwi ungali ziwani na dagaa wakitawanyika gizani. Mara nyingi mwenye taa hulaumu betri, akanunua nyingine, kumbe betri haina kosa. Lakini betri ya risasi na asidi ikiachwa na chaji kidogo siku nyingi, huharibika kweli.

Kinyesi cha ndege ni kibaya kuliko vumbi, ingawa ni doa dogo. Seli za paneli zimeunganishwa mfululizo, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akichelewa, wote huchelewa. Vivyo hivyo seli moja iliyofunikwa hupunguza mkondo wa safu nzima, na yenyewe hupata joto hata ikaweza kuungua.

Hata katika sayari ya Mirihi jambo hili limetokea. Chombo cha Marekani kiitwacho InSight, kilichotua huko mwaka 2018, kilinyamaza Desemba 2022 kwa sababu paneli zake zilifunikwa na vumbi, wala hapakuwa na mtu wa kuzipangusa.

Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa karibu na utosi. Mtu angeweza kudhani ni bora paneli ilazwe kabisa. Sivyo, paneli iliyolala hutuamisha maji na tope. Inamishwe nyuzi 10 hadi 15, ielekee kaskazini, ili mvua iioshe. Wakati wa kiangazi ioshwe asubuhi, kioo kikiwa bado baridi, kwa kitambaa laini na maji safi. Mchanga na majivu hukwaruza kioo. Maji yenye chumvichumvi huacha madoa meupe yakikauka. Ya mvua ni bora.

Jaribio: Unganisha paneli ndogo na amita, uiweke juani. Ifunike kwa kipande cha kioo safi cha dirisha, usome mkondo. Kisha nyunyiza kijiko kimoja cha vumbi laini juu ya kioo, usome tena. Ongeza kijiko cha pili na cha tatu, ukiandika kila kipimo daftarini. Kwa nini tulianza kwa kioo kisicho na vumbi, badala ya paneli tupu?