Je, Wajua? Bwana wa Viatu na Picha ya Barabara
Je, wajua ya kuwa picha ya kamera ya kale kabisa ijulikanayo yenye umbo la binadamu ni ya barabarani? Mwaka 1838 Louis Daguerre, akiielekeza kamera yake kutoka dirishani kwenye Boulevard du Temple mjini Paris, alitumia bamba la shaba lililopakwa fedha, ambalo kwa kuwa lilihitaji dakika kadhaa za nuru halikuwadiriki wapita njia wala magari ya farasi, ila bwana mmoja aliyetulia, mguu ameuinua, akipigiwa viatu rangi. Kwangu mimi, huo ndio uzuri wa fani ya upigaji picha! Hata leo msafiri mwenye subira, akifunika lenzi kwa kioo cheusi kinachopunguza nuru ili picha ichukue dakika kadhaa, aweza kulifuta soko zima la watu, akabakiza waliotulia.